Mikarafuu Kwenye Shamba la Mama Yako

Felista mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kusukwa kwa Mama Furaha, na kwa wingi wa nywele zako nina saa nne, au tano akianza habari za Bukavu. Nimefunga mlango wa duka mchana kweupe, jambo ambalo mtaa wetu wote wa Bertrams, hapa Johannesburg, utalizungumza. Gauni la bibi harusi wa Yeoville limelala mezani bila mkono wa kushoto. Kesho unaondoka, na mimi najijua, nisipoandika leo sitaandika tena.

Yapo mambo sitayagusa. Chandarua, dawa za malaria, pasipoti usiiweke mfuko wa nyuma: hayo Mama Furaha ameyasema mpaka umeziba masikio. Nakuandikia Kiswahili nikijua utasoma polepole na mahali pengine utanuna. Vumilia. Uongo ninaotaka kuufuta nilikuambia kwa Kiingereza, jikoni, ulipokuwa na miaka kumi. Kiingereza changu ni cha kupimia watu suruali, hakinifiki moyoni, ndiyo maana uongo ule ulitoka bila kukwama.

Unaikumbuka Jumapili ile ya mwezi uliopita. Tulikuwa tunakula, redio inazungumzia ardhi kama inavyoizungumzia mwaka huu wote, nani aliichukua, nani arudishiwe, kwa fidia au bila fidia. Ukaizima, ukasukuma sahani pembeni, ukanionyesha picha za kule uendako, visiwa vya Melanesia ng'ambo ya Australia. Nikamwona mama amebeba magimbi. Magimbi kabisa, kama ya kwetu milimani Uluguru! Ukaanza kunifundisha. Ukasema huko ardhi haina mtu mmoja, ni ya ukoo, na ukoo unafuata mama. Mtoto hayumo katika ukoo wa baba yake. Mwenye sauti juu ya shamba ni mjomba, kaka yake mama. Anayepanda mti ana haki ya mti, lakini udongo chini yake una wenyewe, kwa hiyo mgeni akiazimwa shamba hupanda vya msimu, vya kuvuna na kung'oa. Na baba akifa, watoto hupeleka nguruwe kwa ukoo wa baba ili waendelee kula pale alipowalimia. Ulisema yote kwa furaha, kama mtu aliyeokota kitu kipya. Mimi nilikuwa nimeacha kutafuna.

Ukaniuliza, "Baba, kule swali la kwanza ni mjomba wako nani. Niwaambie nini?"

"Waambie hakuna."

"Na ardhi je?"

"Hakuna pia."

Ukafungua daftari lako jeusi ukaandika. Nilifuata kalamu yako kwa macho. Mjomba: hakuna. Ardhi: hakuna. Ukapiga mstari chini, kwa unadhifu ule uliorithi kwa mama yako. Basi uongo wa jikoni ukawa umeandikwa. Utapanda nao ndege, utaketi katika mashamba ya watu waliokukaribisha, na utawaambia kwa moyo safi kwamba wewe ni mtu asiye na kwao. Nao watakuhurumia.

Felista, mjomba unaye. Anaitwa Alfonsi, ni kaka yake mama yako, tumbo moja. Shamba unalo pia, upande wa Matombo, kando ya kijito kisichokauka hata kiangazi. Hakuna aliyetufukuza. Hakuna aliyeuza kitu. Nilikuambia walitufukuza wakauza ili usije ukajua nilichofanya.

Nilipomuoa mama yako nilihamia kwao, kama walivyofanya wengi. Mimi ni Mluguru kama yeye, lakini wa ukoo mwingine, wa juu zaidi mlimani, na ardhi yetu ilikuwa imegawanywa vipande vidogo kiasi kwamba ukinyoosha miguu umeingia kwa jirani. Mjomba wako, ingawa alikuwa bado kijana, ndiye aliyeachiwa kusimamia mashamba ya ukoo wao. Akatutembeza mimi na mama yako mpaka kijitoni, akaniambia mbele ya wazee wawili: "Shemeji, lima hapa. Mahindi, maharage, magimbi, hata migomba sikukatazi. Mti wa kudumu usipande." Na kila baada ya mavuno nilitakiwa kupeleka ngoto, yaani kikapu kidogo cha chochote nilichovuna. Kikapu chenyewe hakikumshibisha mtu. Kilikuwa cha kusema tu kwamba najua ninalima kwa nani.

Kikapu kile kilinikera mwanangu. Nilikuwa nimefika kidato cha nne, nikijiona msomi wa kijiji, na kila mwaka nabeba kikapu kama mtoto aliyetumwa dukani. Kisha ukazaliwa wewe. Akina mama wa ukoo wao wakakuinua juu wakasema, "Mwenye shamba amekuja!" Nyumba nzima ikacheka kwa furaha. Masikio yangu mimi yalisikia kwamba mtoto ni wao, na mimi ni mpita njia niliyemfikisha. Hakuna mtu aliyesema hivyo. Nilijisemea mwenyewe, nikaamini.

Masika yale mama yako alikuwa bado kwa bibi yako, anakunyonyesha. Nikaenda Mkuyuni nikarudi na miche arobaini ya mikarafuu. Mkarafuu mchanga hupenda kivuli, kwa hiyo niliipanda katikati ya migomba, na kivuli kilekile kikanisitiri na mimi. Nilijiambia hivi: mti ni wa aliyepanda, hilo hata wao hawabishi. Mkarafuu huishi kuliko mtu. Nani atakuja kunitoa penye miti yangu arobaini? Nitakaa hapo mpaka uzee, nitakuachia wewe, nawe utasema baba ndiye aliyenipa. Mwaka ule sikupeleka kikapu. Wala uliofuata.

Mjomba wako alijua mapema kuliko nilivyodhani. Alinyamaza mpaka miche ikanifika kiunoni, pengine akitumaini nitajirudi mwenyewe. Halafu asubuhi moja akaja, akapita kati ya migomba akigusa majani ya kila mche, akaketi juu ya jiwe nililokuwa nanolea panga.

"Shemeji, miti hii ya nani?"

"Ya mwanangu," nikajibu. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, sauti ilikuwa juu tayari.

Akanitazama. "Felista ana shamba tangu yumo tumboni mwa mama yake. Ndilo hili. Sasa wewe unamwibia halafu unampa?"

Nikaanza kupiga kelele. Nilimwita mchoyo. Nilimwita mtu wa zamani. Alinisubiri nimalize. Alisema ning'oe miche kwa mkono wangu, nipeleke kikapu kimoja kwa miaka yote niliyoruka, tule pamoja, yaishe. Hata kuku hakudai. Leo naona ile ilikuwa adhabu ya mtu anayekutaka ubaki. Wakati ule niliona nadhalilishwa: nimeinama, nang'oa mche mmoja baada ya mwingine, kijiji kizima kinapita njiani kikinisalimu!

Nikaondoka. Ulikuwa na miaka mitatu. Nilimwambia mama yako kuna kazi ya ushonaji Johannesburg, na ilikuwapo kweli, lakini hata kama isingekuwapo ningeondoka. Kwenye basi, tumeshapita Tunduma, wewe umelala mapajani kwake, akaniuliza, "Tunamkimbia nani, Anselmi?" Nikasema hatumkimbii mtu, tunafuata riziki. Hakuuliza tena. Mama yako alikuwa mtu wa kuuliza mara moja.

Hapa ndipo pagumu kuandika, nimesimama mara mbili nikazunguka meza. Mama yako alipougua, aliniomba nimpigie kaka yake. Nikasema kesho. Kesho ile niliisema wiki sita, mpaka akawa hana nguvu ya kuniomba. Tulimzika huku, wewe umeshika mkono wa Mama Furaha, na kwao hawakujua. Nilituma habari mwezi mmoja baadaye, kwa mdomo wa dereva wa lori. Mtu wa ukoo wao amezikwa bila hata mmoja wao kushika udongo. Mikarafuu ilikuwa upumbavu wa kijana, lakini hili nilifanya nikiwa mtu mzima, na halina utetezi.

Mjomba wako akajibu kwa barua fupi. Aliandika: "Pole shemeji. Mlete mtoto tumwone. Shamba lake lipo." Niliichana. Kisha nikaokota vipande, kisha nikaona aibu ya kuviokota nikavitupa. Ingekuwa ya matusi ningeihifadhi mpaka leo, ningekuonyesha. Wema ndio ulionishinda.

Ndipo ukaniuliza jikoni kwa nini wenzako shuleni wana akina mjomba wanaowapigia simu, wewe huna. Nikakuambia ndugu wa mama yako walitufukuza wakauza shamba. Ulilia kidogo, ukanikumbatia, ukasema basi tuko wawili. Mwanangu, nilipokea kumbatio lile.

Mwaka 2015, wiki zile wageni walipokuwa wanapigwa na sisi tumeshusha geti la duka, unamkumbuka mzee Mzulu, mteja wa makoti, aliyekuja kuangalia kama tuko salama? Aliniuliza, hana ubaya, anataka kujua tu, "Baba, kwani kwenu hakuna ardhi?" Nikamjibu, "Ipo, tele." Nilikuwa nimemwambia mgeni ukweli niliomnyima mwanangu, na wewe ulikuwa chumba cha nyuma unasoma. Nilimshonea kifungo chake nikamsindikiza mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani za kona.

Jumanne iliyopita nilimweleza Mama Furaha. Nilifikiri atanihurumia. Aliacha kitana hewani.

"Papa Felista, ule mutoto anaenda kuuliza batu ya benyewe mambo ya bankambo yao, na weye haujamuambia ya kwake? Eish! Haiko muzuri. Haiko muzuri hata kidogo."

Bankambo, kwa Kiswahili cha kwao, ni mababu. Nikamwambia naogopa utanichukia.

"Basi akuchukie. Lakini akuchukie na mujomba wake anamujua."

Nikatafuta namba. Kuna mama wa Matombo anauza vitambaa mitaa ya Jeppe, ndiye aliyenipatia. Nilipiga Alhamisi mchana, nimejifungia humu humu.

"Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, shemeji. Anselmi."

Salamu hakunipa, akauliza moja kwa moja.

"Mtoto yupo?"

"Yupo."

"Mzima?"

"Mzima. Amemaliza chuo pale Braamfontein. Miaka ile ya fujo za karo aliandamana, akanikosesha usingizi, lakini amemaliza."

Nikamsikia anageukia watu waliokuwa naye. "Yupo! Mtoto wa Modesta yupo!" Mwanamke mmoja akapiga kigelegele, wa pili akapokea. Nilitoa simu sikioni. Hao ndio watu niliokuambia walitufukuza.

Alipotulia nikamweleza safari yako, kwamba unakwenda kuishi mwaka mzima na wakulima wa visiwani ujifunze jinsi wanavyomiliki ardhi, na kwamba nao hufuata mama. Akacheka mpaka akakohoa. "Kwa hiyo ameturuka sisi, ameenda kuuliza kwa wenzetu! Vizuri. Aulize. Huenda wenzetu wana dawa ya mashemeji kama wewe." Sikujua kama nina ruhusa ya kucheka, nikacheka hata hivyo.

Nikauliza habari za miti. Nilitaka aseme aliikata. Ningefarijika.

"Ipo. Ningeikataje? Aliyepanda mpumbavu, lakini ni baba yake mwenye shamba."

Kisha akanieleza jambo ambalo ndilo hasa lililonikalisha kuandika. Tangu tuondoke, shamba lako halijalala. Kila mwaka humwazima mtu alime. Kabla hajashika jembe huambiwa mbele ya mashahidi: hili ni shamba la Felista binti Modesta, yuko safarini, wewe unalima tu. Baada ya mavuno mtu huyo huleta ngoto, na mama zako wadogo hukipokea kikapu kwa jina lako, wanakula kwa niaba yako. Zaidi ya miaka ishirini, Felista. Kila mwaka mtu usiyemjua amebeba kikapu akakuletea wewe. Ulipokuwa unalia jikoni kwamba huna watu, kikapu chako kilikuwa kimeshapokewa mwaka ule.

Nililia, sikufichi. Nilifunika uso kwa lile gauni la watu.

Mchuma janga hula na wa kwao, ndivyo tunavyosema, na nililolichuma umekula nami bila kujua unakula nini. Nilifikiri mapenzi ya baba ni lazima yaonekane kwa kitu alichokupa, chenye jina lake. Mama yako alikupa shamba kwa kukuzaa tu, na mimi nikaona wivu. Ndiyo, wivu. Nimetumia maneno mengine miaka yote hii, haki, maendeleo, heshima ya mwanaume, lakini leo niko peke yangu na kalamu, hakuna wa kumpigia kelele.

Nina ombi dogo kuhusu huko uendako. Wakikupa nyumba ya kuishi, usipande hata mpapai nyuma yake bila kuuliza. Najua wewe ni mtu wa mbegu, kila kokwa unalifukia kwenye kopo. Uliza kwanza. Na ukikutana na mwanaume anayelima kwa mke wake, mkali bila sababu, anayetembea kando ya shamba jioni akihesabu migomba kana kwamba kuna mtu atakuja kuichukua, usimwandike vibaya. Kaa naye. Muulize watoto wake wanaitwa nani. Huenda akajibu akavua ukali wake mbele yako, kwa sababu kuna mambo mtu humwambia mgeni kirahisi. Mimi ni shahidi.

Nguruwe usije ukaniletea nikifa, tafadhali. Ukoo wangu utanishughulikia wenyewe, na kule juu mlimani nguruwe atateleza njiani.

Mama Furaha anajua ninaandika. Nimemwomba asikuambie kitu, akusuke polepole. Ukirudi utaikuta barua juu ya sanduku lako. Sikuombi unisamehe kabla ya ndege. Ingekuwa tena ni kukuharakisha kwa faida yangu. Unaweza kukasirika ukaenda nayo hasira hiyo mpaka visiwani, ina haki ya kusafiri. Ninaloomba ni moja tu, wakikuuliza kule, uwaambie ukweli, hata sehemu yangu. Waambie baba yangu alipanda miti mahali alipoazimwa. Watanielewa haraka kuliko watu wa hapa.

Nilimuuliza mjomba wako nikufikishie salamu gani. Akasema, "Salamu zangu usizibebe wewe. Mpe namba."

Namba iko nyuma ya karatasi hii. Hurudi kutoka shambani saa kumi na moja za kwao, saa kumi za kwetu, na tangu Alhamisi, ameniambia, simu analala nayo. Akipokea usijitambulishe kwa jina langu. Sema, "Mjomba, ni Felista wa Modesta," hata Kiswahili kikikuvunjikia hapo hapo, kinatosha. Zungumza naye kwanza. Kaa naye kwenye simu kadiri utakavyo, uliza unachotaka kuhusu mama yako alipokuwa msichana, kwa maana hayo mimi siyajui.

Ukimaliza, nipo dukani nashona. Kama utaona bado unataka mtu wa kukusindikiza kesho uwanja wa ndege, gonga mlango.

Baba yako,
Anselmi